Kuhamisha mkopo wa nyumba Uingereza baada ya kukosa rejesho la kadi

Umekosa kulipa kadi ya krediti mwezi mmoja, na riba nafuu ya mkopo wako wa nyumba inakaribia kuisha. Wengi wakifika hapa huteleza kwa njia mbili. Kuna anayejaza maombi kwenye benki nne ndani ya wiki moja akitafuta itakayomkubali, na kuna anayekata tamaa na kukaa kimya mpaka mkopo unaangukia riba ya kawaida ya benki, ile inayopanda na kushuka benki inavyotaka. Rejesho moja lililokosekana, likishalipwa, mara nyingi halifungi mlango. Papara na ukimya ndivyo vinavyogharimu.

Tazama hesabu. Deni lililobaki ni pauni 180,000 na muda uliobaki ni miaka 22. Kwa riba ya asilimia 5 unalipa kama pauni 1,125 kwa mwezi. Riba ya kawaida ya benki yako ikiwa, tuseme, asilimia 7.5, unalipa kama pauni 1,394. Hizo ni pauni 269 zaidi kila mwezi. Kwa hiyo toa mkataba wako, tafuta tarehe kamili ambayo riba ya sasa inaisha, kisha hesabu miezi sita kurudi nyuma. Hiyo ndiyo siku ya kuanza.

Lipa, kisha soma ripoti zote tatu

Lipa leo kilichochelewa pamoja na faini, ambayo kwa kadi nyingi ni pauni 12. Kama umechelewa siku chache tu na ukalipa kabla ya taarifa ya mwezi unaofuata kutoka, mara nyingi kosa halifiki kwenye ripoti yako ya mikopo. Halafu weka makato ya moja kwa moja, angalau ya kiwango cha chini, ili lisitokee tena. Kama kadi ilikuwa kwenye ofa ya riba sifuri, piga simu uulize ikiwa ofa bado ipo, kwa sababu kukosa rejesho moja kunaweza kuiondoa, na riba mpya itaanza kula akiba unayoihitaji.

Kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo Uingereza ni tatu: Experian, Equifax na TransUnion. Kila moja inalazimika kisheria kukupa ripoti yako bure. Chukua zote tatu, maana benki moja huweza kutazama Experian peke yake na nyingine Equifax, na kosa linaweza kuwa kwenye moja tu. Usihangaike na ile namba kubwa yenye rangi inayoonyeshwa juu. Benki ina namna yake ya kukupima, haitumii namba hiyo.

Shuka mpaka kwenye mstari wa kadi husika. Utaona visanduku vya miezi. Sifuri au alama ya vema maana yake umelipa. Namba 1 maana yake uko nyuma mwezi mmoja, 2 miezi miwili, na kuendelea. Alama ya default, mara nyingi namba 8, ni hatua nyingine kabisa: kampuni imekata shauri kwamba umeshindwa kulipa, na kwa kawaida hufika hapo baada ya miezi mitatu hadi sita ya malimbikizo. Mkaguzi wa maombi husoma mfuatano wote. Akiona 1 kisha 0, 0, 0, anaona mtu aliyesahau. Akiona 1, 2, 3, anaona mtu aliyeishiwa. Rekodi hukaa miaka sita, lakini uzito wake hupungua kadiri muda unavyopita. Kosa la mwaka jana si sawa na la mwezi jana, ndiyo maana kusubiri miezi mitatu ya malipo safi kabla ya kuomba benki mpya, kama kalenda inaruhusu, ni uamuzi wa busara.

Jihadhari na jambo moja ambalo watu hulifanya kwa nia njema. Kukubaliana na kampuni ya kadi ulipe kidogo kidogo chini ya kiwango huacha alama yake kwenye ripoti, na benki nyingi huiona mbaya kuliko 1 moja. Kama kweli huna uwezo, makubaliano hayo ni sahihi, na shirika la hisani la StepChange hutoa ushauri wa madeni bila malipo. Lakini kama fedha ipo na ulichelewa tu, lipa yote.

Malipo ya leo huweza kuchukua wiki nne hadi sita kuonekana, kwa kuwa kampuni hutuma taarifa mara moja kwa mwezi. Hifadhi risiti ya malipo uwe nayo mkononi.

Kusafisha kinachoweza kusafishwa

Kama kosa si lako, mfano makato uliyoyaweka hayakupita kwa hitilafu ya benki, andikia kampuni ya kadi uwaombe wafute alama. Weka pia pingamizi kwenye kampuni ya ripoti, ambayo ina siku 28 za kukujibu. Kampuni ya kadi ikigoma, au zikipita wiki nane bila jibu la mwisho, peleka lalamiko Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa migogoro ya wateja na kampuni za fedha. Huduma hiyo ni bure.

Kama kosa ni lako lakini lina sababu, una haki ya kuongeza maelezo yasiyozidi maneno 200 kwenye ripoti. Andika kwa Kiingereza chepesi: mwezi gani, nini kilitokea, ulilipa tarehe gani. Ulisafiri kwenda msibani nyumbani na akaunti ikakosa salio? Sema hivyo kwa sentensi mbili, uishie hapo. Maelezo hayo hulazimisha ombi lako lisomwe na mtu badala ya mashine peke yake, hivyo huchelewesha kidogo. Kwa 1 moja ya zamani, huenda huyahitaji.

Angalia kama umeandikishwa kwenye daftari la wapigakura kwa anwani yako ya sasa, kwa sababu benki hulitumia kuthibitisha kwamba unaishi hapo. Wengi wetu hudhani daftari hilo ni la raia wa Uingereza tu. Sivyo. Mtu wa Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha, kwa kuwa nchi hizo ni wanachama wa Jumuiya ya Madola. Mtu wa Kongo au Burundi asiye na uraia mwingine unaomruhusu hawezi akiwa England. Yeye atume uthibitisho wa makazi kwa kampuni za ripoti na kuomba uwekwe kwenye rekodi yake.

Angalia pia majina yaliyounganishwa nawe. Akaunti ya pamoja na mtalaka wako, hata kama mliifunga zamani, inaweza kubaki imekufunga naye, na madeni yake yakakuangukia machoni mwa benki. Omba muungano huo uondolewe kwenye ripoti zote tatu.

Anza na benki uliyonayo

Kabla ya kumtafuta mwingine, uliza benki yako mpango mpya ambao wao huuita product transfer. Unabaki kwao, deni lilelile, unabadilisha riba tu. Kwa kawaida hawakupimi upya uwezo wa kulipa, hakuna wakili, hakuna mthamini, na kosa la kadi halina nguvu hapo mradi mkopo wa nyumba wenyewe haujawahi kuchelewa. Benki nyingi kubwa zilisaini Mortgage Charter ya mwaka 2023, makubaliano na serikali ya kuwasaidia wenye mikopo ya nyumba, na chini yake mteja aliye sawa na malipo anaweza kufunga riba mpya miezi kadhaa mapema, kisha akaibadilisha kama benki hiyo itatoa iliyo nafuu zaidi kabla ya kuanza. Funga riba hiyo iwe sakafu yako. Uliza siku ya mwisho ya kuiacha, halafu ndipo utafute kwingine.

Ukitaka kuongeza deni, mathalani kukarabati nyumba, nafuu hii haipo. Utapimwa upya.

Kuhamia benki nyingine kuna maana kama tofauti ni kubwa, na hapa watu hudanganywa na riba. Benki mpya ina riba iliyo chini kwa asilimia 0.3 lakini inatoza ada ya pauni 999. Kwa deni la 180,000, asilimia 0.3 ni pauni 540 kwa mwaka, yaani 1,080 kwa miaka miwili. Umebakiza pauni 81. Kwa deni la 90,000 umepata hasara. Ada hiyo ukiiongeza kwenye mkopo, utailipia riba miaka yote iliyobaki.

Kuna pesa zaidi kwenye uwiano wa deni na thamani ya nyumba. Riba hupangwa kwa ngazi: asilimia 60, 75, 80, 85, 90. Nyumba ya pauni 240,000 yenye deni la 181,500 iko asilimia 75.6, na inatozwa riba ya ngazi ya 80. Ukilipa pauni 1,500 za ziada, uko 75 kamili. Mikopo mingi huruhusu kulipa ziada hadi asilimia 10 kwa mwaka bila faini. Ila acha nafasi kidogo: mthamini akisema nyumba ni 230,000, deni la 180,000 linakuwa asilimia 78.3 na mpango unavunjika.

Ombi lenyewe

Tumia broka anayefikia soko zima, na hakikisha yumo kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha. Mpe ripoti zote tatu siku ya kwanza. Broka mzuri anajua benki ipi inavumilia 1 moja ndani ya miezi 12 na ipi inakataa, na habari hizo huzipati kwenye tangazo. Kibali cha awali mara nyingi hutumia ukaguzi mwepesi ambao benki nyingine hazioni, lakini uliza kabla ya kubonyeza. Ombi kamili huacha alama, na alama nyingi kwa pamoja hutisha. Omba benki moja. Ikikataa, jua sababu kwanza.

Andaa slipu za mshahara za miezi mitatu, P60 (hati ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka) na taarifa za benki za miezi mitatu. Aliyejiajiri atoe SA302, hesabu ya kodi yake kutoka mamlaka ya kodi, za miaka miwili. Miezi hiyo mitatu usichukue gari kwa mkopo wala usibadilishe simu kwa mkataba mpya, na punguza salio la kadi. Fedha unazotuma nyumbani kila mwezi zitaonekana kwenye taarifa, na mkaguzi anaweza kuuliza kama ni wajibu wa kudumu. Uwe na jibu la kweli na kiasi kamili.

Fomu ikiuliza kama umewahi kukosa rejesho, jibu ndiyo. Kosa dogo lililosemwa hupita. Kosa hilohilo lililofichwa huweza kuitwa ulaghai na kuripotiwa Cifas, hifadhidata ya ulaghai inayotazamwa na benki, na alama hiyo hufunga milango hata ya akaunti ya kawaida.

Wenye mpango wa Kiislamu usio na riba wapitie hatua hizihizi. Jina la mpango hubadilika, lakini ripoti ya mikopo inakaguliwa vilevile.

Siku ya kuhama

Kazi ya wakili na uthamini huchukua wiki nne hadi nane, na mara nyingi benki mpya hulipia vyote viwili. Mwambie wakili kwa maandishi asikamilishe kabla ya siku inayofuata mwisho wa riba yako ya sasa. Faini ya kulipa mapema ikiwa asilimia 2, kukamilisha siku moja kabla kunagharimu pauni 3,600 kwa deni la 180,000.

Usifute makato ya benki ya zamani mpaka wakili athibitishe kwamba deni lao limelipwa. Na rejesho la kwanza la benki mpya huwa kubwa kuliko la kila mwezi, kwa sababu limebeba riba ya siku zilizopita tangu kuhama. Soma barua yao, iache akaunti ikiwa na kiasi hicho kamili siku mbili kabla: 1 kwenye mkopo wa nyumba ni nzito kuliko 1 yoyote ya kadi.