Unataka kusomea nurolojia ukiwa Lubumbashi? Anza na nyundo

Kabla hujaandika barua ya maombi, mdogo wangu, nunua nyundo ya refleksi. Chukua yenye mpini mrefu na kichwa kizito cha mpira, si ile ndogo ya pembetatu inayogusa goti bila kuliamsha. Ongeza diapazoni ya hezi 128, kile chuma cha kupimia kama mtu anahisi mtetemo, pini za kutumia mara moja na kutupa, pamba na tochi ndogo. Vyote vinaenea katika mfuko wa koti jeupe. Madaktari vijana wa hapa Lubumbashi hunipigia simu kuniuliza ni karatasi gani zinatakiwa ili mtu asomee nurolojia, yaani magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Karatasi tutazifikia. Mimi humwuliza kwanza: mgonjwa wa mwisho uliyemgonga magoti ni nani, na magoti yalijibu nini?

Nina sababu ya kuuliza hivyo. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nimalize masomo, nafanya kazi katika hospitali moja nje ya mji. Wakaniletea baba mmoja mchoma makala, yaani makaa. Miguu yote miwili haimbebi, mkojo hautoki, tumbo limejaa kama ngoma. Nikaandika: kupooza, apigwe skana ya kichwa. Familia ikauza baiskeli iliyokuwa inapeleka makala sokoni, wakamkodia gari, wakamleta mjini, wakarudi na picha. Kichwa kilikuwa safi.

Kulikuwa na papa mmoja mwuguzi wa zamani sana pale. Hakunisema neno. Alichukua pini, akaanza kumchoma yule mzee taratibu kwenye paja. "Papa, unasikia?" "Hapana." Akapanda nyongani. "Hapa?" "Hapana." Akapanda chini ya kitovu, hapana. Alipofika vidole viwili juu ya kitovu, mzee akashtuka: "Aa! Hapo umenichoma." Akamgeuza ubavu, akapitisha kiganja mgongoni, kikakwama kwenye nundu ndogo katikati ya mgongo. Kilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kimekula pingili, pingili zimebana uti. Kichwa hakikuwa na kosa lolote, na mimi ndiye niliyekipeleka skana. Baiskeli ile haikurudi.

Ngozi ya kitovu ni eneo la neva ya kumi ya kifua, ya chuchu ni ya nne: pale ganzi inapoishia panaonyesha uti umeguswa wapi. Nilikuwa nimejibu maswali hayo kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Sikuwa nimewahi kuyatafuta kwenye ngozi ya mtu.

Basi kazi yote ya nurolojia iko katika maswali mawili, na mpangilio wake haubadiliki: wapi, kisha nini. Kuanzia kesho, katika kila faili ya mgonjwa mwenye udhaifu, ganzi, kizunguzungu au kuanguka, andika mstari wa "mahali" kabla ya mstari wa "ugonjwa". Ni ubongo? Uti wa mgongo? Mzizi wa neva? Neva yenyewe? Pale neva inapokutana na msuli? Msuli? Ukishapata mahali, uliza ugonjwa ulikujaje. Uliokuja kwa dakika, fikiria mshipa wa damu ulioziba au kupasuka. Uliokuja kwa siku, fikiria maambukizi au kinga ya mwili iliyogeuka dhidi ya mwenyewe. Wa wiki na miezi, fikiria kifua kikuu au uvimbe. Wa miaka, seli zinazochakaa polepole. Si sheria ya chuma, lakini itakuokoa mara nyingi kuliko skana usiyoweza kuilipia.

Fanya hivyo miezi sita, ukiandika kwenye daftari lako. Ulidhani mahali gani, na mwishowe ilikuwa wapi? Jina la mgonjwa usiliweke. Daftari hilo litakufaa kuliko barua yoyote ya kusifiwa, kwa sababu profesa akikuuliza "kwa nini nurolojia", utakuwa na wagonjwa wa kumsimulia.

Vitu viwili vya kuvizoea mapema

Cha kwanza ni unyayo. Daktari Mfaransa Babinski alieleza alama yake mwaka 1896 na mpaka leo hakuna mashine inayoishinda kwa bei. Mlaze mgonjwa, miguu imenyooka na kulegea, mwambie utamgusa wayo. Tumia kitu butu, hata ufunguo. Anza kisigino upande wa nje, panda polepole, kisha pinda chini ya vidole kuelekea kidole gumba. Usichimbe na usikimbie. Macho yako yawe kwenye kidole gumba, kwenye mwendo wake wa kwanza kabisa. Kwa mtu mzima kikiinuka kuelekea uso wa mgonjwa, na vile vingine vikitawanyika, njia inayoshuka kutoka ubongo imeguswa. Mgonjwa akivuta mguu wote kwa kutekenywa, hujapata jibu: pumzika, rudia. Wengi wanaoniambia "Babinski hakuna" hupita katikati ya wayo kwa nusu sekunde.

Cha pili ni kusimuliwa kifafa. Aliyeanguka hajui kilichotokea. Mtafute aliyemwona, hata kama ni mtoto wa jirani. Muulize kwa lugha ya nyumbani, moja moja: alikuwa anafanya nini kabla? Kichwa kiligeukia upande gani? Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Mtukutiko ulianza mkono mmoja au mwili wote pamoja? Aliuma ulimi? Alijikojolea? Alipozinduka, aliwajua watu mara moja au alikaa amepotea? Siku hizi familia nyingi zina simu ya kupiga video, na video ya sekunde ishirini ina thamani kubwa. Usiwagombeze kwamba walipiga picha badala ya kusaidia. Wafundishe kusaidia: wamlaze ubavu, wasimwekee kijiko mdomoni, waangalie saa, na dakika tano zikipita bila kukoma waanze safari ya hospitali. Waambie pia kwamba mate ya mwenye kifafa hayaambukizi, ukiwa unamshika mgonjwa mkono huku unasema. Wataangalia mkono wako kuliko kusikia maneno.

Wapi pa kwenda

Kinshasa ndiyo njia ya kwetu. Pale Mont-Amba, karibu na chuo kikuu, kuna Santri (kituo) ya Neuro-Saikopatolojia, ambayo kila mtu huiita CNPP, na ndipo Chuo Kikuu cha Kinshasa kinapolea wataalamu wa nurolojia na wa magonjwa ya akili. Faida yake kubwa ni wagonjwa. Utaona huko magonjwa ambayo vitabu vya Ulaya huyapa mistari mitatu. Konzo, kwa mfano: mtu mwenye afya njema analala vizuri, anaamka miguu imekakamaa, na haitaongezeka ubaya wala haitapona. Daktari Trolli aliieleza mwaka 1938 huko Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo, na jina lenyewe ni la Kiyaka, miguu iliyofungwa. Inatokana na muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, kwa watu wanaokosa chakula cha protini. Sisi tunaokula bukari, yaani ugali, ya mahindi tunaweza kumaliza masomo bila kuiona hata mara moja. Mkongomani akiitwa mtaalamu wa neva bila kuijua konzo, mimi naona amepungukiwa.

Jiandae kwa Kilingala, lugha ya Kinshasa. Wiki yangu ya kwanza, mama mmoja aliniambia "moto ezali kosala ngai mpasi". Sikio langu la Kiswahili likasikia moto, nikaandika kwamba anaunguzwa. Alikuwa ananiambia kichwa kinamwuma, na kilikuwa kinamwuma kwa wiki tatu, na homa juu. Mwuguzi ndiye aliyenisahihisha, tukachukua maji ya uti wa mgongo siku ile ile. Nurolojia husikilizwa kwanza. Tafuta mwalimu wa Kilingala miezi mitatu kabla ya kupanda ndege.

Dakar ni njia ya pili kwa anayesoma Kifaransa. Hospitali ya Fann imelea wataalamu wa neva wa nchi nyingi za Afrika, na diploma yake ya utaalamu ni miaka 4. Rabat nako kuna kituo cha mafunzo kinachotambuliwa na Shirikisho la Nurolojia Duniani tangu 2013.

Halafu kuna mlango ambao vijana wa hapa wanausahau ilhali uko karibu. Zambia ilianza kufundisha wataalamu wake wa neva mwaka 2018, Lusaka, katika University Teaching Hospital. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, iko chini ya kilomita mia kutoka kwetu. Mgonjwa wa Lusaka anafanana na wako kabisa: virusi vya ukimwi, meninjitisi ya kuvu (maambukizi ya utando wa ubongo), kiharusi cha shinikizo la damu, kifafa. Kizuizi ni Kiingereza, nacho kinasomeka. Kama ningekuwa na miaka ishirini na saba leo ningeanza kukisoma jioni hii.

Karatasi na mfuko

Karatasi hazina siri: diploma na alama za kila mwaka, cheti cha kuandikishwa katika Orde ya Madaktari, chama rasmi cha taaluma yetu, barua mbili za madaktari waliokuona ukifanya kazi, barua ya ruhusa kama umeajiriwa na serikali, pasipoti. Kila moja ipige picha, itunze sehemu mbili. Ukisoma nje, diploma itahitaji kusawazishwa na Wizara ya Elimu ya Juu ukirudi, kwa hiyo dai tangu mwaka wa kwanza programu ya masomo iliyogongwa mhuri. Kuiomba kwa barua ukiwa umeshaondoka ni mateso.

Fedha ni jambo zito zaidi. Niliwahi kupitisha miezi bila kuona malipo mahali nilipokuwa asistani, yaani daktari anayesomea utaalamu, na mtoto yuko shule. Weka akiba ya kodi na chakula ya miezi sita kabla ya kuondoka, na ukae na mwenzako wa ndoa na wazazi mhesabu pamoja. Anayeondoka bila kuwaambia ukweli huishia kulala zamu za kulipwa kila usiku, na asubuhi hasikii anachofundishwa.

Miaka ya mafunzo

Usikubali kukaa wodini tu. Omba zamu ya dharura, saikiatria, watoto, upasuaji wa ubongo, chumba cha skana. Kiharusi utakielewa dharura, saa inapohesabika: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na bila picha ya kichwa kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja, haitolewi. Ukirudi mahali ambapo dawa hiyo haipo, bado utajua kumpima mgonjwa kumeza kabla ya kumpa uji, na hilo peke yake linazuia nimonia nyingi.

Jifunze EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, kwa mikono yako, usiachie fundi. Chukua utepe wa fundi nguo, pima kutoka kishimo cha juu ya pua hadi kifundo cha kisogo, weka alama kwa asilimia kumi, kisha ishirini mara nne, na kumi ya mwisho. Elektrodi ikikaa vibaya, utasoma ugonjwa usiokuwepo.

Na sindano ya mgongo. Angalia kwanza ndani kabisa ya jicho kama neva ya kuona imevimba pale inapoingia, angalia kama upande mmoja wa mwili ni dhaifu. Ukiyaona hayo, usichome kabla ya picha. Chukua sukari ya damu kabla ya kuchoma, la sivyo sukari ya maji hayo haitakuambia kitu. Pima shinikizo maji yanapoanza kutoka. Katika meninjitisi ya kriptokoki, ile ya kuvu, likizidi sentimita 25 za maji, kuyapunguza maji hayo ni tiba kama dawa yenyewe, na ni tiba inayosahaulika sana. Nimeona mtu aliyekuwa hawezi kufungua macho kwa maumivu akaomba chai dakika chache baada ya sindano kutoka.

Siku ya kurudi

Utarudi na kukuta hakuna EEG inayofanya kazi na watu wanakuita "munganga wa wazimu", daktari wa vichaa. Usisubiri mashine. Chagua siku moja ya wiki iwe ya kifafa, siku hiyo hiyo kila wiki, ili hata anayetoka mbali aijue. Hakikisha fenobabitali haikosekani, kwa sababu dawa ya bei ndogo inayopatikana kila mwezi inamfaa mgonjwa kuliko nzuri inayokatika, na kuikata ghafla huleta mtukutiko mbaya zaidi. Tumia muda wako kwenye maswali ya mgonjwa kuhusu maisha ya nyumbani.

Kwangu siku hiyo ni Alhamisi. Kuna binti wa mtaa wa Katuba, kiganja chake cha kulia kimejikunja kwa kovu la mbabula, jiko la makaa, aliyoangukia akiwa na miaka kumi na mbili. Alhamisi iliyopita alikuwa ametimiza miezi saba bila kuanguka. Mama yake aliuliza habari za ndoa. Yeye aliuliza kama sasa anaweza kupika bukari peke yake. Nikamwambia bado, apike na mdogo wake akiwa karibu, mbabula iwe chini kabisa kwenye sakafu imezungushiwa matofali, na arudi mwezi ujao tuhesabu tena.