Ubao wa kupachika jina la mtoto: jinsi ya kukata herufi zinazojirudia

Ubao wa kwanza niliomtengenezea mpwa wangu Baraka alicheza nao siku moja tu. Alichukua A, akaiweka kwenye tundu la A, ikagoma. Akaigeuza, akaisukuma kwa kiganja, kisha akaniangalia. Mtoto wa miaka minne hajui kwamba A hii ni ya tundu la pili na ile ni ya tundu la nne. Anajua A ni A, na yuko sahihi. Majina yetu yamejaa A: Baraka, Amina, Zawadi, Halima. Wiki hii nilikuwa namwelekeza jirani anayemtengenezea binti yake, naye akakwama palepale, ndiyo maana naandika.

Vifaa

Plaiwudi ya milimita 9 kwa juu na ya milimita 3 kwa chini, msumeno mdogo wa upinde wenye bledi nyembamba, keekee, tupa bapa na tupa ya pembetatu, msasa, gundi nyeupe ya mbao. Msonobari usiutumie. Mguu wa K ukikatwa kwenye mbao nzima huvunjika kufuata nyuzi, lakini tabaka za plaiwudi hupishana nyuzi, hivyo hushikana. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, naikataa kabisa, kwa sababu kingo zake hufura zikilowa, na herufi hizi zitatiwa mdomoni.

1. Chora

Herufi kubwa, nene, urefu sentimita 7, upana 5, nafasi ya sentimita 1 kati yake. Baraka inataka ubao wa sentimita 40. Urefu wa 7 usiupunguze hata kwa I iliyo nyembamba: mrija unaotumika kupima vitu vinavyoweza kumkaba mtoto una upana wa milimita 31.7 na kina kisichozidi 57.1, kwa hiyo herufi ya sentimita 7 haizami humo. Matundu ya ndani ya A, B na R usiyakate, utayapaka rangi tu.

2. Kata matundu na herufi

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima, na kosa langu ni lile ambalo karibu kila mtu hulifanya: kukata herufi ndani ya ubao, kisha kutumia kipande kilekile kilichodondoka. Kwa jina kama Juma, ambalo kila herufi inatokea mara moja, hakuna shida. Kwa Baraka haifai. Mkono huyumba nusu milimita hapa, nusu milimita pale, na kila A hukubali tundu lake peke yake.

Fanya hivi. Kata A moja ya karatasi ngumu, uchore nayo matundu yote matatu. Toboa kwa keekee, pitisha bledi, kata ndani kidogo ya mstari, vipande vinavyotoka uvitupe. Halafu chukua vipande vitatu vya plaiwudi, vifunge pamoja kwa selotepu ya karatasi, chora A kwa karatasi ileile na uzikate zote kwa mkupuo mmoja. Simamisha bledi wima, maana ikilala A ya chini hailingani na ya juu.

Zikishatoka, chagua moja iwe kipimo. Piga tupa kila tundu mpaka A hiyo iingie bila kusukumwa, na ubao ukiupindua idondoke yenyewe. Kisha bana A zote tatu kwenye jiliwa, kipimo kikiwa katikati, upige msasa mpaka zilingane nacho. Weka nukta ya penseli kwenye uso wa kila moja, kwa sababu A iliyogeuzwa inafanana na isiyogeuzwa, lakini mkato wake haufanani.

Acha pia pengo la karibu milimita 1 kuzunguka. Mimi nilibananisha wakati wa kiangazi, na masika ilipofika herufi zikanasa. Rangi nayo ikichuruzikia ubavuni huongeza unene.

3. Laini kingo

Msasa namba 80, kisha 120, kisha 180. Pitisha kidole pande zote.

4. Rangi na gundi

Rangi ya maji iliyoandikwa kwamba haina risasi, basi. Mabaki ya rangi ya mafuta yaliyobaki kwenye kopo la mlango usiyaguse: Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi. Paka uso wa herufi, usipake ubavu. A zote zipewe rangi moja. Gundisha ubao wa chini, bana, uache usiku kucha.

Kabla hujampa mtoto, changanya A zote mezani, fumba macho, okota yoyote, ujaribu kila tundu. Ikigoma hata moja, rudi kwenye tupa.