Postikadi ya zamani: igeuze kwanza

Ukikuta postikadi kuukuu kwenye mafungu ya mitumba, iwe Sabasaba au Majengo hapa Dodoma, usiishie kwenye picha. Picha huchapishwa upya kirahisi. Umri uko mgongoni.

Kadi za Kijerumani za kabla ya 1905 mgongo wote ulikuwa wa anwani, hivyo salamu zilibanwa upande wa picha. Ukiona mstari umegawa mgongo sehemu mbili, ni ya baadaye. Stempu yenye Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja haiwezi kutangulia 1935. Ila stempu hueleza lini kadi ilitumwa tu. Huenda ilikaa dukani miaka.

Tafadhali usibandue stempu! Ikiwa na muhuri wake hapo hapo, kadi ina maana zaidi, na kwangu mimi mwandiko wa mtu asiyejulikana unapendeza kuliko picha yenyewe.

Bei uliyonunulia iandike kwa penseli, kidogo tu. Usitumie selotepu. Na boksi lisikae sakafuni, mchwa wa huku hawachagui karatasi. Liweke juu ya kabati, mbali na dirisha lenye jua.