Somo: Saa zikirudishwa nyuma, taa za maua ndani ya nyumba uzipangeje

Ndugu zangu mlioko Ulaya, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za ukutani zinarudi nyuma kwa saa moja. Walioko Marekani na Kanada zamu yao ni Jumapili ya kwanza ya Novemba. Somo hili ni la wanaokuza maua ndani kwa taa, na hasa poinsetia, kalankoe na kaktasi ya Krismasi, kwa sababu mimea hii mitatu huchanua kwa kupima urefu wa usiku.

Nasema usiku, si mchana. Mwaka 1938 wanasayansi wa mimea Karl Hamner na James Bonner walionyesha kuwa mmea wa aina hii ukipigwa mwanga kwa muda mfupi tu katikati ya usiku mrefu, hauchanui. Ukiuweka gizani kidogo wakati wa mchana, haujali. Poinsetia inataka saa 14 za giza lisilokatika, kila usiku, kwa wiki 8 hadi 10. Aliyeanza mwanzoni mwa Oktoba ili apate majani mekundu wakati wa Krismasi, mabadiliko ya saa yanamkuta njiani. Kalankoe inataka giza hilo hilo kwa wiki 6 hivi.

Hatua ya 1: Ujue mmea wako. Nyanya na pilipili za ndani hazipimi usiku, basi usihangaike nazo. Violeti ya Usambara vilevile. Hiyo ni ya kwetu kabisa: Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Usambara, alipeleka mbegu Ujerumani, na mwaka 1893 ikapewa jina la Saintpaulia. Leo imejaa kwenye madirisha ya Ulaya, na wengi wanaoimwagilia hawajui imetoka milima ya Tanga. Ipe mwanga wa saa 12 hadi 14 kwa siku, iache ipumzike usiku, itachanua saa zibadilike zisibadilike.

Hatua ya 2: Ijue taima yako. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Taima ya kuzungusha, ile yenye vijino pembeni, haijui habari za serikali na itaendelea kama jana. Ya kidijitali yenye betri, nyingine zina kitufe cha saa za kiangazi. Kama hukukigusa, nayo haibadiliki. Plagi ya waifai inayoendeshwa na simu ndiyo inayojibadilisha yenyewe usiku ule, bila kukuuliza.

Hatua ya 3: Amua kuacha au kusogeza. Tuseme taa yako inawaka saa 2 asubuhi (08:00) na kuzima saa 12 jioni (18:00). Hayo ni mwanga wa saa 10 na giza la saa 14. Ukiacha taima ilivyo, baada ya mabadiliko itawaka saa 1 asubuhi na kuzima saa 11 jioni kwa saa ya ukutani. Mmea hautaona tofauti yoyote. Mimi ningekushauri uache, isipokuwa ratiba ya nyumba inakubana.

Ukitaka kusogeza, vuli ni rahisi. Taima ya kuzungusha usiirudishe kinyume, utaiharibu, maana imeundwa izunguke upande mmoja. Ichomoe kwenye soketi kwa saa moja wakati taa imezimwa, kisha irudishe. Itakuwa imechelewa saa moja, sawasawa na saa mpya. Usiku huo mmea utapata giza la saa 15, na kwa mimea hii giza la ziada halina ubaya.

Hatua ya 4: Machi ni kinyume. Saa zikisogezwa mbele, usiku mmoja unapungukiwa saa moja. Mwenye giza la saa 14 atabaki na 13, mwenye 12 atabaki na 11. Ili usipoteze, Jumamosi jioni zima taa saa moja mapema kuliko kawaida. Asubuhi mmea utakuwa umelala saa zake zote.

Hatua ya 5: Linda giza lenyewe. Mwisho wa Oktoba pale London mwanga wa nje ni kama saa 10 tu, kwa hiyo jua si tatizo. Tatizo ni balbu ya sebuleni, televisheni, na mtu anayefungua kabati saa 4 usiku kutafuta koti. Baada ya saa kubadilika giza linaingia mapema, na familia nzima inawasha taa mapema. Hilo huharibu maua mengi kuliko saa yenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Leicester: Shikamoo mwalimu. Plagi yangu ilijibadilisha mwaka jana nami sikujua. Poinsetia haikuwa nyekundu. Ni kwa sababu hiyo?

*Marahaba mwanangu. Hapana. Plagi hiyo iliurefusha usiku mmoja tu, kwa saa moja. Tafuta mwanga unaoingia kila siku: mmea unakaa chumba gani, na nani anawasha taa humo jioni?*

Mwanachama, Minneapolis: Naweza kuiwekea plagi saa za Nairobi ili isibadilike kamwe?

*Unaweza, na ni njia nzuri. Afrika Mashariki haibadilishi saa. Baada ya mabadiliko ya Novemba, Nairobi iko mbele yenu kwa saa 9, basi mwanga wa 08:00 hadi 18:00 wa kwenu uandike 17:00 hadi 03:00. Jaribu siku moja uone inawaka unapotaka.*

Mwanachama, Hamburg: Dirishani kwangu kuna taa ya barabarani, na usiku naamka kumnyonyesha mtoto. Nifanye nini, kaka?

*Dada, funika mmea kwa boksi la karatasi ngumu lisilopitisha mwanga, jioni taa ikizima, na ulitoe asubuhi. Wewe endelea kumhudumia mtoto bila wasiwasi. Usitumie mfuko wa plastiki. Mmea unahitaji hewa.*

Mwanachama, Naivasha: Huku shambani tunawashia krisanthemamu taa usiku. Mbona kinyume?

*Kanuni ni ile ile, ndugu. Karibu na Ikweta usiku ni kama saa 12 mwaka mzima, na krisanthemamu ikiachwa itachanua ikingali fupi. Taa za katikati ya usiku, kwa kawaida kuanzia saa 4 usiku hadi saa 8 usiku, zinaukata usiku vipande viwili ili mmea urefuke kwanza au utoe vipandikizi.*

Mwanachama, Toronto: Kaktasi yangu ya Krismasi tayari ina vichomozo vya maua. Niendelee na giza la saa 14?

*Si lazima tena, vikishatoka vitaendelea vyenyewe. Ila usiihamishe wala kuigeuza, usiiweke karibu na hita, na usiache udongo ukauke kabisa, kwa maana hapo ndipo vichomozo huanguka.*