Jinsi ya kuchora chombo cha anga kinachozunguka, kuanzia kwenye namba

Kila nikiona mchoro mpya wa chombo cha anga cha kubuni, macho yangu yanaenda moja kwa moja kwenye lile gurudumu linalozungushwa ili watu waliomo wapate uzito badala ya kuelea. Mwili umechorwa vizuri, injini kubwa huko nyuma, taa kila mahali, alafu pale katikati kuna kiringi kidogo kama pete kwenye kidole kinazunguka mbio na ndani yake watu wanatembea kawaida kabisa. Inaniuma kweli, kwasababu mchoraji ana kipaji na hesabu ya kurekebisha hiyo kitu ni ndogo sana, unaimaliza na kalkuleta ya simu. Kwahiyo naandika hapa kwa anayechora, anayeandika hadithi au anayetengeneza modeli kwenye kompyuta, namna mi ninavyoanza na kwanini naanzia pale ninapoanzia.

Kwanza uelewe uzito wenyewe unatoka wapi. Chukua ndoo yenye maji, izungushe kwa mkono juu chini kwa kasi, maji hayamwagiki. Maji yanataka kwenda moja kwa moja ila kitako cha ndoo kinayazuia kinayarudisha kwenye duara muda wote, na huko kusukumwa ndo kunaleta kitu kama uzito. Kwenye chombo, we ndo yale maji. Maana yake sakafu iko upande wa nje wa gurudumu na vichwa vyote vinaelekea katikati kwenye mhimili, yaani watu wawili wakiwa pande mbili tofauti za gurudumu vichwa vyao vinatazamana. Wazo sio geni, Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi alikuwa nalo tangu 1903, na mwishoni mwa miaka ya 1920 mhandisi Herman Potočnik akachora kabisa kituo cha gurudumu chenye kipenyo cha mita 30.

Alafu jiulize kama chombo chako kinahitaji gurudumu kweli. Safari ya siku tatu kwenda mwezini haihitaji, litupe, utapunguza mzigo na mchoro utakuwa safi zaidi. Ila safari ya miezi au miaka ni habari nyingine. Mifupa inayobeba mwili inapoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya uimara wake kila mwezi mtu akiwa anaelea, ndo maana wanaanga wanafanya mazoezi kama masaa mawili kila siku na bado wanarudi wakiwa wamepungua. Valeri Polyakov alikaa siku 437 mfululizo kwenye Mir, kituo cha anga cha Urusi, 1994 hadi 1995, kwahiyo inawezekana kuishi bila uzito, lakini watu wako kama wanatakiwa washuke kwenye sayari nyingine na waanze kazi siku hiyohiyo hapo gurudumu linajilipa.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Watu wanaanza na ukubwa, wanachora gurudumu linalopendeza kwa macho alafu wanalizungusha mpaka uzito utimie. Anza na mizunguko kwa dakika. Anayekupangia hiyo namba ni sikio la mtu, maana ndani ya sikio kuna mirija mitatu yenye maji inayouambia ubongo kichwa kinageukia wapi, na ukigeuza kichwa ndani ya kitu ambacho chenyewe kinazunguka, yale maji yanaenda upande ambao ubongo haukutegemea, ndo kizunguzungu na kichefuchefu vinapoanzia. Jeshi la maji la Marekani lilikuwa na chumba cha kuzunguka kule Pensacola, Florida, na kwenye miaka ya 1960 walikuwa wanaishi watu humo siku kadhaa kuona wanavumilia mpaka wapi. Mzunguko wa polepole watu wanauzoea, ukifika 10 kwa dakika hali ni mbaya isipokuwa wakipandishwa taratibu sana.

Mi kanuni yangu ni hivi: abiria wa kawaida, familia na watoto, mizunguko 2 kwa dakika mwisho. Wanaanga waliofundishwa na wakapewa siku kadhaa za kuzoea, 3 au 4. Kwenye 6 weka tu kama unataka wahusika wako wateseke na hadithi iseme hivyo wazi.

Ukishapata hiyo namba, izidishe kwa yenyewe, alafu gawa 895 kwa jibu. Unachopata ni rediasi, yaani umbali kutoka katikati mpaka sakafuni, kwa mita, ya kukupa uzito kamili kama wa duniani. Mzunguko 1 ni mita 895. Mizunguko 2 ni mita 224. Mizunguko 3 inashuka mpaka kama mita 100, 4 ni mita 56, na 6 ni mita 25 hivi. Angalia inavyoshuka haraka, ukiongeza mizunguko mara mbili rediasi inakuwa robo. Na kama hutaki uzito kamili, zidisha ile rediasi kwa sehemu unayotaka. Uzito wa sayari ya Mars ni 0.38 ya ule wa duniani, kwahiyo kwa mizunguko 2 unapata mita 85 tu badala ya 224, na kama safari yenyewe inaenda Mars ina mantiki kabisa wakazoea uzito wa huko humohumo njiani.

Ukiwa na hiyo hesabu mkononi michoro ya zamani inaanza kuongea. Mtaalamu wa roketi Wernher von Braun mwaka 1952 alipendekeza gurudumu la kipenyo cha mita 76 hivi, mizunguko 3 kwa dakika. Rediasi 38, piga hesabu, inatoka uzito wa 0.38, kama Mars vile. Mwaka 1975 pale chuo cha Stanford walisanifu mji wa angani wa watu 10,000 wenye kipenyo cha karibu mita 1,800, nusu yake ni kama 895, umeshajua unazunguka mara ngapi kwa dakika.

Kile kiringi cha pete nilichosema mwanzoni mara nyingi kina rediasi kama mita 10. Hata ukikilazimisha kitoe uzito kamili kinazunguka zaidi ya mara 9 kwa dakika, na mtu mwenye urefu wa mita 1.7 akisimama, kichwa chake kina uzito pungufu kwa asilimia 17 kuliko miguu. Akiinama kuokota kitu tumbo lote linajua.

Najua unawaza rediasi ya mita 224 ni gurudumu la karibu nusu kilomita, chombo changu ni cha watu 6, nitalipata wapi. Hapa ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, maana huhitaji gurudumu. Unahitaji vitu viwili na kebo katikati vinazungukana. Upande mmoja nyumba ya watu, upande wa pili kitu chochote kizito ambacho ulikuwa unakibeba hata hivyo, injini ya nyuklia, matangi, mzigo. Vinazunguka kwenye sehemu ya mizani kati yao, kwahiyo kile kizito zaidi kinakaa karibu na katikati. Tuseme nyumba ni tani 50 na injini ni tani 150, nyumba ikae mita 224 kutoka katikati, injini itakaa mita 75 tu, kebo nzima haifiki hata mita 300. Na umepata zawadi nyingine, watu wako mbali na mionzi ya injini bila kubeba ukuta mnene wa kuwakinga. Hii sio ndoto tu, Septemba 1966 wanaanga wa Marekani kwenye safari ya Gemini 11 walifunga chombo chao kwa kamba ya mita 30 na roketi ya Agena wakavizungusha polepole, uzito uliotoka ulikuwa mdogo mno hata wao wenyewe hawakuusikia.

Kitu kingine ambacho karibu kila mchoraji anakiruka ni umbo kwa ujumla. Ukichora chombo kirefu kama penseli alafu ukasema kizima kinazunguka kwenye urefu wake kama mshale, hakitakaa hivyo. Kitu kinachozunguka angani kikiwa kinapoteza nguvu kidogokidogo ndani yake, maji yanacheza kwenye matangi, watu wanatembea, antena zinapinda, kinajihamisha chenyewe taratibu mpaka kizunguke kichwa chini miguu juu. Explorer 1, satelaiti ya kwanza ya Marekani, 1958, ilikuwa nyembamba ndefu hivyohivyo na ikarushwa ikiwa inazunguka kwenye urefu wake, antena zake laini zikala nguvu na ndani ya masaa machache ikawa inapinduka. Kwahiyo chombo kiwe kipana kuliko kirefu, kama sahani au gurudumu, au kizungushe kwa makusudi kichwa chini miguu juu kama ile ya kebo, hapo kimetulia.

Kuhusu gurudumu linalozunguka kwenye mwili uliosimama, mi nakushauri uliache. Kwanza ile mota ikizungusha gurudumu kulia, mwili wa chombo unaanza kuzunguka kushoto, hauna pa kujishikilia. Itabidi uweke magurudumu mawili yanayopingana, sawa, yanapendeza pia, lakini uwe umeyachora yote mawili. Pili kuna beringi kubwa yenye sili, yaani kizibo cha hewa, ambayo inatakiwa izuie hewa isitoke kwa miaka bila kusimama hata dakika. Pale kituo cha kimataifa cha anga kuna maungio makubwa yanayogeuza paneli za sola, yanazunguka mara moja tu kila dakika 90 na hayabani hewa yoyote, na bado mwaka 2007 moja likakutwa limejisaga na vumbi la chuma limejaa ndani. Sasa fikiria la kwako, ambalo hata kwa mizunguko 2 tu kwa dakika linazunguka mara 180 zaidi, huku watu wanapita katikati yake. Zungusha chombo kizima. Kwa ajili ya paneli za sola, elekeza mhimili kwenye jua, antena ndogo inaweza kuwa na kimota chake inageuka kinyume, na chombo kinachokuja kuunganika kije kwenye mhimili huku nacho kinajizungusha kwa mwendo uleule.

Weka na matangi ya maji kwenye ukingo, manne au sita yamepangwa sawasawa, na bomba za kuyaunganisha. Watu wote wakienda kula upande mmoja chombo kinayumba kama mashine ya kufulia iliyojaziwa nguo upande mmoja, kwahiyo pampu inahamisha maji kwenda upande wa pili. Ni kitu kidogo ila ukikichora mtu anayejua ataona umefikiria.

Injini ikiwaka wakati mnazunguka, sakafu inaonekana imeinama. Uzito kamili wa mzunguko na msukumo wa injini wa sehemu moja ya kumi ya uzito huo kando yake unakupa mwinamo wa kama digrii 6, vitu vya duara vinaanza kubingirika mezani. Ukiwa na uzito wa Mars ni kama 15, hapo huwezi hata kulala vizuri. Ama vyumba vining'inie vigeuke vyenyewe kama viti vya bembea, ama wasimamishe mzunguko kwanza, na kusimamisha kunataka mafuta na muda ambavyo mwandishi mzuri anaweza kuvitumia kubana wahusika wake.

Ndani sasa, na hapa waandishi mna utajiri mkubwa. Chukua rediasi ya mita 56, mizunguko 4. Mtu akiachia mpira kutoka kifuani, mita 1.5, hauangukii miguuni, unatua kama sentimita 24 nyuma kinyume na mzunguko. Kumimina maji kwenye glasi ni ujuzi wa kujifunza upya. Akitembea haraka kufuata mzunguko anakuwa mzito kwa asilimia 13 hivi, akirudi anakuwa mwepesi karibu kiasi hichohicho, kwahiyo wakazi wa zamani watajua upande wa kwenda bila kuangalia alama yoyote, miguu inawaambia. Lifti ikishuka kutoka katikati inakubana kwenye ukuta mmoja, ikipanda inakubana kwenye wa pili, kwahiyo weka matakia pande zote mbili. Njia ndefu za kutembea zichore sambamba na mhimili, maana ukitembea kuelekea huko hakuna kinachobadilika, na vitanda vilaze hivyohivyo. Wanaanga wa Skylab, kituo cha anga cha Marekani, mwaka 1973 walikuwa wanakimbia kuzunguka ndani ya kituo kwenye duara la makabati na kile kituo hakikuwa kinazunguka kabisa, mbio zao wenyewe ndo zilikuwa zinawapa uzito, kwahiyo hata mtoto kwenye hadithi yako akikimbia kinyume na mzunguko kwenye duara dogo anaweza akajiinua akaelea.

Madirisha niliyaacha mwisho kwasababu yanaharibu michoro mingi. Kwa mizunguko 2 kwa dakika nyota zinapita zote kila sekunde 30, ukiweka dirisha kubwa kwenye sakafu au ukutani jikoni utawatapisha watu. Liweke kule katikati, kwenye ncha ya mhimili, mtu aelee pale ameshika bomba, na nyota zote zizunguke taratibu kwenye nukta moja ambayo haisogei.