SOMO: Kupunguza machipukizi ya nyanya bustanini

Kabla hujavunja chochote, ijue nyanya yako. Kazi hii ni ya aina ndefu, zile zinazofungwa kwenye mti au kamba na kurefuka msimu mzima. Aina fupi hukoma kukua zenyewe, na matawi yake ya pembeni ndiyo yanayozaa. Ukiyamaliza, umemaliza mavuno. Kwa hizo ondoa tu machipukizi yaliyo chini ya kichala cha kwanza cha maua, basi.

1. Tafuta kwapani mwa jani, pale jani linapoungana na shina. Kinachochomoza hapo ni chipukizi. Kichala cha maua hutoka kwenye shina lenyewe, kati ya jani na jani. Tazama mara mbili, tafadhali; ua likishavunjwa halirudi.

2. Livunje chipukizi likiwa na urefu wa sentimita 5 hadi 10. Lishike chini kabisa, lipinde huku na huku, litaachia lenyewe. Kidonda kidogo hukauka upesi. Fanya asubuhi umande ukishakauka, kamwe si majani yakiwa na maji, kwani magonjwa huingilia hapo. Mvuta sigara anawe mikono kwa sabuni kwanza: virusi vya batobato ya tumbaku hushambulia nyanya pia.

3. Ukitaka mashina mawili, bakiza chipukizi lililo chini tu ya kichala cha kwanza. Ndilo lenye nguvu kuliko yote.

4. Rudia kila wiki.

MASWALI

Mwalimu, nimechelewa, machipukizi yamekuwa matawi makubwa. Niyakate yote?
Hapana, ndugu yangu. Ukiyaondoa yote kwa siku moja, matunda yatabaki wazi na kuunguzwa na jua. Kata ncha ya kila tawi tu, uache majani mawili ya kutia kivuli. Tumia kisu kilichofutwa kwa spiriti, na ukifute tena kabla ya kuhamia mche mwingine.

Nikilipanda chipukizi nililovunja, litaota?
Litaota vizuri sana. Chagua la sentimita 10 hadi 15, toa majani ya chini, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu, kivulini. Mizizi hutoka ndani ya wiki moja au mbili, na matunda yatakuwa kama ya mama yake.

Na nisipopunguza kabisa?
Utavuna, tena matunda mengi, ila madogo na yanayochelewa kuiva. Shida kubwa ni msongamano: hewa haipiti, majani hayakauki, ukungu unapata makao. Nyanya ndogo za vichala huvumilia zaidi, hizo unaweza kuziachia mashina matatu au manne.