Somo: Kukompaili libpcap, iftop na vnStat ili ujue bando la ofisi linaliwa wapi

Ofisi nyingi ndogo za Tanga, kuanzia mawakala wa mizigo wa karibu na bandari hadi steshenari za Ngamiani, zinaendesha kompyuta sita, kumi au zaidi kwa laini moja ya intaneti. Bando likigeuka "waja leo waondoka leo", kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole. Ugomvi huo unahitaji vipimo viwili tu: nani anatumia sasa hivi, na jumla ya mwezi imefika ngapi. iftop inajibu la kwanza, vnStat inajibu la pili. Zote ni programu huria na zinatosha kwenye kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 1.

Kama `sudo apt install iftop vnstat` inakupa matoleo yanayokutosha, tumia hayo na somo lako limeishia hapa. Kompaili (yaani jenga programu mwenyewe kutoka msimbo chanzo) pale ambapo mfumo wako ni wa zamani na bado una vnStat ya mfululizo wa 1, isiyohifadhi data kwa SQLite (hifadhidata ya faili moja), au pale unapotaka kurekebisha programu yenyewe.

Kompyuta ikae wapi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, halafu wanailaumu programu. Swichi ya kawaida haimpelekei kila mtu pakiti (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni) za wenzake. Kompyuta iliyochomekwa tu kwenye swichi itaona pakiti zake yenyewe na matangazo machache ya mtandao, basi. Lazima ikae njiani, yaani iwe lango lenye kadi mbili za mtandao: moja inaelekea ruta ya kampuni ya simu, nyingine inaelekea swichi ya ofisi. Katika somo hili kadi ya nje ni `enp2s0` na ya ndani ni `enp3s0`. Majina ya kwako yaangalie kwa `ip -br link`.

iftop isikilize kadi ya ndani. Ukiielekeza kwenye kadi ya nje, NAT (mbinu ya lango ya kubadilisha anwani za ndani kuwa moja) imeshawaficha watu wote nyuma ya anwani moja, kwa hiyo utaona mtumiaji mmoja tu mlafi, ambaye ni lango lenyewe. vnStat ni kinyume chake: jumla ya mwezi isomwe kwenye kadi ya nje, kwa sababu ndiko bando linakokatwa.

Hatua ya 1: zana

```
sudo apt install build-essential pkg-config flex bison libncurses-dev libsqlite3-dev
sudo chown $USER /usr/local/src
cd /usr/local/src
```

Kompaili ukiwa mtumiaji wa kawaida. `sudo` inahitajika kwenye `make install` peke yake. Msimbo uliopakuliwa mtandaoni hauna sababu ya kupewa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) wakati unajengwa.

Hatua ya 2: libpcap kwanza

libpcap ndiyo maktaba inayonasa pakiti. iftop haijengeki bila hiyo, kwa hiyo inatangulia.

```
wget https://www.tcpdump.org/release/libpcap-1.10.5.tar.gz
tar xf libpcap-1.10.5.tar.gz
cd libpcap-1.10.5
./configure
make
sudo make install
sudo ldconfig
```

Ukikuta toleo jipya zaidi, badilisha namba. `configure` ikilalamika `Neither flex nor lex was found`, uliruka hatua ya 1. Ile `ldconfig` ya mwisho usiisahau: ndiyo inayoueleza mfumo kwamba kuna maktaba mpya ndani ya `/usr/local/lib`. Bila hiyo, iftop itajengeka vizuri kabisa kisha igome kuwaka kwa ujumbe `error while loading shared libraries: libpcap.so.1`.

Usiogope kwamba utagonganisha libpcap hii na ile ya mfumo. Debian inaiita ya kwake `libpcap.so.0.8`, na hii ya msimbo chanzo inajiita `libpcap.so.1`. Zinakaa pamoja bila kukanyagana.

Hatua ya 3: iftop

```
cd /usr/local/src
wget http://www.ex-parrot.com/pdw/iftop/download/iftop-1.0pre4.tar.gz
tar xf iftop-1.0pre4.tar.gz
cd iftop-1.0pre4
./configure CFLAGS="-g -O2 -fcommon"
make
sudo make install
```

Hiyo `-fcommon` si pambo. Msimbo wa iftop ni wa kabla ya GCC 10, na umetangaza baadhi ya vigeu kwenye zaidi ya faili moja. GCC za zamani zilivumilia. Kuanzia GCC 10 zinakataa, na utaona mistari mingi ya `multiple definition of` mwishoni mwa `make`. Ukiwa umeshakwama hapo, andika `make clean`, rudia `configure` kama ilivyo hapo juu, kisha `make` tena.

`configure` ikisema haipati maktaba ya curses yenye `mvchgat`, inayokosekana ni `libncurses-dev`. Kwa kosa lolote jingine usibahatishe: fungua `config.log`, tafuta neno `error`, usome mistari kumi iliyo juu yake. Sababu halisi huwa pale, ilhali skrini inakuonesha matokeo yake tu.

Hakiki kisha washa:

```
ldd /usr/local/sbin/iftop | grep pcap
sudo /usr/local/sbin/iftop -i enp3s0 -nNP
```

`-n` inazuia kutafuta majina ya anwani (utafutaji huo nao unakula mtandao), `-N` inaacha namba za poti kama zilivyo, `-P` inazionesha. Safu tatu za kulia ni wastani wa sekunde 2, 10 na 40. Mhukumu mtu kwa safu ya 40, kwani ya 2 inapanda hata kwa kufungua ukurasa mmoja. Na hesabu hizo ni biti: 6.4Mb ni MB 0.8 kwa sekunde, ambayo ikidumu saa nzima inakaribia GB 3. Ukitaka baiti, ongeza `-B`.

Hatua ya 4: vnStat

Kama ile ya apt ipo, iondoe kwanza kwa `sudo apt remove vnstat`.

```
cd /usr/local/src
wget https://humdi.net/vnstat/vnstat-2.12.tar.gz
tar xf vnstat-2.12.tar.gz
cd vnstat-2.12
./configure --prefix=/usr --sysconfdir=/etc
make
sudo make install
sudo cp -v examples/systemd/vnstat.service /etc/systemd/system/
```

Tumeweka `--prefix=/usr` kwa sababu faili hilo la systemd (msimamizi wa huduma za mfumo) linaitafuta `/usr/sbin/vnstatd`. Ukiiacha iende `/usr/local`, huduma itashindwa kuwaka na `systemctl status` itakuonesha `203/EXEC`.

Kabla ya kuiwasha fungua `/etc/vnstat.conf`. Kama bando lako linaanza tarehe 15, weka `MonthRotate 15`. Fanya sasa, kwa maana data iliyokwisha kujumlishwa haipangwi upya ukibadilisha baadaye. Halafu:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now vnstat
vnstat -i enp2s0
```

Ikikujibu kwamba bado haina data ya kutosha, tulia. Inahifadhi kila baada ya dakika 5. Baadaye `vnstat -5` inaonesha matumizi kwa vipande vya dakika tano, `-h` kwa saa, `-d` kwa siku, `-m` kwa mwezi. vnStat hainasi pakiti. Inasoma tu vihesabio vya kerneli (kiini cha mfumo), ndiyo maana ni nyepesi na haihitaji libpcap.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Makorora:* Fundi, asante kwa somo. Mimi hata libpcap sijaipata, wget inasema cheti bado hakijaanza kutumika. Nikaileta kwa flashi, sasa vnStat nayo inagoma kwenye configure: "newly created file is older than distributed files".

*Jibu:* Ndugu yangu, makosa yote mawili ni ya saa. Andika `date`, utakuta mwaka uko nyuma. Kwenye kompyuta za zamani betri ya ubao mama, ile CR2032 ya duara, ikifa basi kila umeme ukikatika saa inarudi mwanzo. Badilisha betri, kisha `sudo timedatectl set-ntp true`. Usiliache, kwa sababu litakusumbua hata baadaye: vnStat ikiwaka na kukuta hifadhidata yake ina tarehe iliyo mbele ya saa ya kompyuta, inasubiri dakika 5 saa irekebishwe, na isiporekebishwa haiendelei. Muda huo unaitwa `TimeSyncWait` kwenye `vnstat.conf`.

*Kutoka Pongwe:* Habari za kazi. Lango nimeweka, lakini jumla ya vnStat ni ndogo mno na bando linaisha vilevile. Simu za wafanyakazi sizioni kabisa kwenye iftop.

*Jibu:* Nzuri, dada. Simu hizo zimeunganishwa na waifai ya ruta yenyewe, kwa hiyo zinapita nyuma ya mgongo wa lango lako. Zima waifai ya ruta, kisha chomeka kifaa kingine cha waifai kwenye swichi ya ndani, kikiwa kimezimwa DHCP (ugawaji wa anwani) na NAT. Kikiachwa na NAT yake, simu zote zitaonekana kama anwani moja na utakuwa umerudi kulekule. Waambie pia wafanyakazi kwamba mtandao unapimwa. iftop inaonesha nani anawasiliana na anwani gani, na ni haki yao kulijua hilo.

*Kutoka Raskazone:* Kampuni inasema nimemaliza GB 50, vnStat inasema 46.5. Nani mkweli?

*Jibu:* Wote wawili. vnStat inahesabu GiB, yaani kwa 1024, na GB 50 za kuhesabu kwa 1000 ni GiB 46.57. Weka `UnitMode 2` kwenye `vnstat.conf` ili usome kwa kipimo cha kampuni. Tofauti ikizidi hapo, hakikisha unasoma `enp2s0`.

*Kutoka Makorora tena:* Saa imekaa sawa, zote zinawaka. Nikitaka kuziondoa?

*Jibu:* Ingia kwenye folda ileile ya msimbo uliyojengea, andika `sudo make uninstall`, na kwa libpcap malizia na `sudo ldconfig`. Kwa vnStat tanguliza `sudo systemctl disable --now vnstat`. Ndiyo sababu tumejengea `/usr/local/src` na si kwenye folda ya vipakuliwa ambayo mtu atakuja kuifuta. Hifadhidata itabaki `/var/lib/vnstat/vnstat.db`, inakili kabla hujaigusa.